Kitabu chembamba cha Vita vya Kwanza vya Dunia: kinafaa kuanzia, au kinatupotezea muda?

Mdau wa Alhamisi (Dodoma mjini)

Wakuu, habari za jioni.

Tuna kikundi cha usomaji hapa mjini, watu kumi na wawili: walimu wa sekondari, wanachuo na watumishi wa ofisini. Tunakutana Alhamisi jioni kwa saa moja na nusu, basi. Safari hii tumekubaliana kusoma Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, ila tumekwama kwenye kuchagua kitabu. Nusu wanataka kile chembamba cha utangulizi, kurasa 130 hivi, kinachoanzia mauaji ya Sarajevo na kuishia mkataba wa Versailles. Wengine wanasema hicho ni cha kujibia mtihani, bora tuchukue buku la kurasa 700 tulisome taratibu.

Naomba wanaoifahamu historia hii wanisaidie kwa mambo haya. Kitabu kifupi kinampa nini msomaji ambacho kinene hakimpi? Huwa kinakosea wapi? Tukipangie wiki ngapi? Na hili ndilo linalowagusa wengi kikundini: vita vilifika Kondoa, vikafika hapa Dodoma, lakini kitabu chembamba kimeipa Afrika Mashariki yote aya moja. Tuiweke wapi?

Nawasilisha.

---

Kalamu ya Risasi

Mkuu, anzeni na chembamba, na msione aibu.

Piga hesabu kwanza. Mtu anayefanya kazi mchana husoma vizuri kurasa 35 hadi 40 kwa wiki akiwa na maswali ya kujibu. Kurasa 700 ni wiki 18 au zaidi. Vikundi vingi hufia kwenye sura ya tatu, na si kwa uvivu: majina ya majenerali na mito yanamiminika kabla msomaji hajapata mahali pa kuyatundika. Kurasa 130 ni wiki nne. Mkishazimaliza mna kiunzi, na baada ya hapo buku mnalifungua sura mnayoitaka, wala hamlazimiki kulimaliza.

Kitu ambacho kitabu kifupi hukionyesha vizuri kuliko kinene ni mwendo wa mambo. Chukua majira yale ya kiangazi ya 1914. Tarehe 28 Juni mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria anauawa Sarajevo. Tarehe 28 Julai Austria-Hungaria inaitangazia vita Serbia. Tarehe 1 Agosti Ujerumani inaitangazia Urusi, tarehe 3 Ufaransa, na tarehe 4 majeshi yake yanaingia Ubelgiji na Uingereza inaingia vitani. Siku 37 tu. Buku huzitandaza siku hizo kwenye kurasa 80, telegramu moja baada ya nyingine, na msomaji mgeni huona kama ni mwaka mzima. Kwenye kurasa sita unauona mnyororo wenyewe: kila dola ilikuwa na mpango wa kuita majeshi uliofungwa kwenye ratiba za treni, na aliyechelewa siku tatu aliogopa kukutwa mipaka yake iko wazi.

Sasa namna ya kukisoma. Mara ya kwanza kisomeni chote bila kalamu, wiki moja, hata kama kuna msichokielewa. Mara ya pili chukueni daftari, mgawe ukurasa safu tatu: tarehe, Ulaya, kwetu. Safu ya tatu mtaijaza wenyewe kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo jibu la swali lako la mwisho lilipo. Mkiandika Uingereza kuingia vitani tarehe 4 Agosti 1914, pembeni yake andikeni tarehe 8 Agosti, manowari ya Kiingereza ilipoipiga mizinga Dar es Salaam, wakati huo chini ya Wajerumani, kwa sababu ya mnara wa mawasiliano ya redio. Siku nne tu. Mkifika mapigano ya Ypres, Ubelgiji, ya vuli ile, andikeni Tanga, 2 hadi 5 Novemba, ambako kikosi cha Waingereza cha watu 8,000 hivi kutoka Uhindi kilitimuliwa na watetezi wa upande wa Wajerumani wapatao 1,000. Verdun, mapigano makubwa huko Ufaransa, imeanza tarehe 21 Februari 1916, na mwezi huohuo Jenerali Smuts anafika Afrika Mashariki kuchukua uongozi wa jeshi la Waingereza. Somme, nayo Ufaransa, imeanza tarehe 1 Julai. Dodoma imetekwa tarehe 29 Julai. Mtu akiziona Somme na Dodoma kwenye mstari wa mwezi mmoja, haulizi tena kwa nini vita hivi viliitwa vya dunia.

Makosa ya vitabu vifupi yapo, na yanajirudia. Kosa la kwanza ni kufanya mwisho uonekane ulikuwa lazima. Maneno ni machache, kwa hiyo mwandishi hukata yote ambayo yangeweza kwenda vingine, na vita vinabaki kama maji yanayoteremka mlima. Mnapoona neno "hatimaye" au "bila shaka", wekeni alama, muulize nani wakati ule alijua hivyo.

Kosa jingine ni takwimu, na sisi tunaosoma Kiingereza tukajadiliana kwa Kiswahili linatuuma zaidi. Siku ya kwanza ya Somme Waingereza walipoteza watu 57,470. Wengi husema ndio waliokufa. Sivyo: waliokufa ni 19,240. Namba kubwa inajumlisha waliokufa, waliojeruhiwa, waliotekwa na wasiojulikana walipo. Kiingereza kina neno moja kwa wote hao, "casualties". Sisi tukilitafsiri "majeruhi" tunawafufua waliokufa, tukilitafsiri "vifo" tunawaua majeruhi. Andikeni "waliopotea vitani kwa jumla", kisha mtenge waliokufa peke yao. Kila namba kitabuni ipitisheni kwenye swali hilo kabla haijaingia daftarini.

---

Mrangi wa Kolo

Nakubaliana na Kalamu kuhusu mwendo wa mambo, lakini si kuhusu mahali pa kuanzia. Hiyo aya moja ya Afrika Mashariki siyo fupi tu, imepinda. Soma chembamba chochote utakuta sentensi ileile: kamanda mmoja wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, na kikosi chake kidogo, aliwazungusha maadui wengi kwa miaka minne bila kushindwa. Mtu mmoja ana jina, nchi nzima haina. Msomaji wa Dodoma akianza na aya hiyo anafundishwa mapema kwamba kwao palikuwa uwanja wa mchezo wa mtu mwingine.

Tazama Kondoa peke yake. Kitabu kitasema "van Deventer aliichukua Kondoa Irangi tarehe 19 Aprili 1916", nusu mstari. Huyo ni jenerali wa Afrika Kusini, upande wa Waingereza. Kilichofichwa humo ni hiki. Kikosi chake cha farasi kiliondoka Arusha mwanzoni mwa Aprili, masika imeshika. Kilipofika Kondoa farasi walikuwa wanakufa kwa mamia kwa maradhi, magari ya mizigo yamezama matopeni, chakula kiko nyuma zaidi ya kilomita 200, na wapanda farasi wamekuwa watembea kwa miguu wenye njaa. Ndiyo maana hawakuendelea hadi kwenye reli wakati ule, ingawa ilikuwa mbele yao kama kilomita 160 tu. Walikaa pale mpaka Julai.

Lettow naye aliwaleta askari wake kwa reli hadi Dodoma, wakapanda kwa miguu kwenda Kondoa. Akashambulia usiku wa tarehe 9 Mei kuamkia 10. Akarudi nyuma. Humo kuna hata mizinga ya Königsberg, ile manowari iliyozamishwa mto Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliitoa mizinga hiyo majini wakaikokota barani, na ikanguruma Kondoa. Mzinga wa baharini kwenye milima ya Warangi! Hilo halimo kwenye kurasa 130, na haliwezi kuwamo.

Ushauri wangu: wiki ya kwanza msiguse kitabu. Tandikeni ramani ya Tanzania mezani, mchore kwa penseli Reli ya Kati, barabara ya Arusha kuja Kondoa na ya Kondoa kuja Dodoma. Ndipo mfungue ukurasa wa kwanza.

---

Ghala la Mtama

Naongeza jambo ambalo kwangu ndilo kipimo cha kitabu chochote cha vita hivi, kiwe chembamba au kinene: kinasema nani alibeba chakula?

Chukueni karatasi mfanye hesabu hii kikundini, dakika kumi zinatosha. Mpagazi anabeba kilo 25. Anakula kilo moja ya nafaka kwa siku. Kutoka reli ya Dodoma hadi Kondoa ni kilomita 160 hivi. Akitembea kilomita 20 kwa siku ni siku nane kwenda, nane kurudi. Kama anakula kutoka kwenye mzigo wake, amekula kilo 16 na amefikisha kilo 9. Sasa wekeni askari 4,000 Kondoa, kila mmoja kilo moja kwa siku. Mnahitaji kilo 4,000 kila siku, maana yake wapagazi karibu 445 wawe wanawasili kila siku, na kwa mzunguko wa siku 16 ni watu zaidi ya 7,000 njiani muda wote. Hapo hamjabeba hata risasi moja, wala hema, wala mgonjwa.

Ni hesabu ya karatasi, uwanjani mambo yalichanganyika, ila inaonyesha kwa nini haikuwezekana kulilisha jeshi kwa mzigo wa kichwani peke yake. Mwendo ukiwa mrefu, mpagazi anaumaliza mzigo mwenyewe. Njia iliyobaki ilikuwa kula kutoka vijiji vya njiani: mtama na uwele ulioko ghalani, ng'ombe walioko zizini. Ongezeni siku za safari kutoka 16 hadi 25 muone kinachofika. Sifuri.

Hapo mtaelewa Ugogo, nchi hii ya Dodoma. Kabla ya Julai 1916 Wajerumani walichukua watu, nafaka na mifugo. Baada ya Julai Waingereza wakaja, nao wakachukua. Mikono iliyotakiwa kulima iko safarini na mizigo, kisha mvua zikakosa. Matokeo yake ni njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920. Jina lenyewe lina maana ya kinyang'anyiro. Makadirio ya wanahistoria ni kwamba katika watu wapatao 150,000 wa Ugogo walikufa kama 30,000. Mmoja kati ya watano. Juu yake yakaja mafua makali ya 1918.

Kwa upande wa Waingereza peke yao, wapagazi walioandikishwa katika vita vya Afrika Mashariki hukadiriwa kufika milioni moja, na vifo vyao vilivyoandikwa ni zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na chakula kibovu. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wabeba mizigo hao, "Carrier Corps". Basi kitabu cha kurasa 130 kikiwa na sentensi mbili za kweli juu ya wapagazi, mimi nakipa heshima kuliko buku la kurasa 700 linaloorodhesha kila kombania na lisiseme ilikula nini.

Kwa hiyo Mrangi, simlaumu mwandishi kwa ufupi. Aya moja inaweza kubeba haya: reli, wapagazi, njaa. Shida ni kwamba aliitumia aya yake kumsifu jenerali.

---

Mdau wa Alhamisi

Shukrani sana wakuu. Hesabu ya Ghala tutaifanya ubaoni wiki hii hii.

Nimeona mnatofautiana kwenye kuanza. Tukiwa na wiki sita kamili, mngezigawaje? Pia duka la vitabu lina chembamba aina tatu za waandishi tofauti, zote kwa Kiingereza, na mfukoni tuna nafasi ya aina moja, nakala sita, watu wawili wawili. Tutajuaje kilicho bora bila kuvisoma vyote?

---

Kalamu ya Risasi

Mrangi amenishawishi kwenye ramani. Wiki ya kwanza iwe ramani na kusoma kitabu chote haraka nyumbani, kila jozi ibadilishane nakala baada ya siku tatu. Wiki ya pili ni siku 37 za 1914, hizo tu. Kila mtu achukue dola moja aeleze ilichokijua na ilichokiogopa kila tarehe. Wiki ya tatu ni mahandaki: kwa nini bunduki ya rasharasha, seng'enge na mizinga vilimpa nguvu anayelinda kuliko anayeshambulia. Msikimbie hapo, ndio moyo wa 1915 hadi 1917. Wiki ya nne na ya tano ziwe za kwetu: Tanga, Kondoa, reli, wapagazi, Mtunya. Ya sita ni mwisho wa vita na mikataba.

Kwenye wiki hiyo ya sita angalieni tarehe, kwa sababu Kiswahili chetu cha mazungumzo huzichanganya. Tarehe 11 Novemba 1918 ni kusitisha mapigano. Siyo mkataba wa amani. Huo ni wa Versailles, 28 Juni 1919, miaka mitano kamili tangu Sarajevo. Na huku kwetu Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amevuka Ruvuma kuingia Msumbiji tarehe 25 Novemba 1917, alipata habari akiwa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) siku mbili baada ya mapigano kusitishwa, akasalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Mwaka mmoja kamili tangu avuke mto. Kitabu kinachosema vita "viliisha tarehe 11 Novemba" bila kuongeza neno, mwandikieni pembeni.

---

Karani wa Rafu

Kuhusu kuchagua dukani, dakika kumi kwa kila kitabu zinatosha, na msianzie kwenye jalada.

Fungueni nyuma kwanza, kwenye faharasa. Tafuteni Tanga, wapagazi, Uhindi, njaa. Kisipokuwa na faharasa kabisa kiacheni, maana kwenye kikundi mtatumia muda mwingi kutafuta "ilikuwa ukurasa gani". Kisha hesabuni ramani. Kwa kurasa 130 ramani nne au tano ni chache lakini zinatosha, mradi ziwe na kipimo cha umbali na zionyeshe reli. Ramani yenye mishale minene isiyo na kipimo ni pambo.

Baada ya hapo someni kurasa mbili tu: ile ya Agosti 1914 na ile ya makoloni. Kwenye ya kwanza, hesabuni sababu za vita alizotaja. Akitaja moja tu, iwe ni bunduki ya kijana wa Sarajevo au ubabe wa Ujerumani, huyo ameamua kwa niaba yenu. Akitaja kumi bila kuzipima, hajaamua kitu. Mzuri husema hii ilikuwa nzito kuliko ile, kwa sababu hii, na wapo wanaopinga. Kwenye ukurasa wa makoloni, angalieni kama Waafrika wanafanya jambo lolote kwenye sentensi, au wanafanyiwa tu. Angalieni pia mwaka wa chapa: waliyoyaandika watu miaka ya 1960 kuhusu chanzo cha vita yamebishaniwa sana tangu hapo, na chapa mpya yenye dibaji iliyorekebishwa ni bora kuliko ya zamani kwa bei ya chini.

Nakala sita kwa watu kumi na wawili ni sawa, ila nunueni chapa ileile, zote sita. Mkichanganya chapa namba za kurasa zinapishana, na Alhamisi nzima itaishia "mimi kwangu ni ukurasa wa 48".

La mwisho ni majina ya mahali. Vitabu hivi hutumia tahajia na majina ya Kijerumani au ya Kiingereza ya wakati ule, na mtu wa huku anaweza kusoma habari za kwao asizitambue. Tengenezeni karatasi moja mbandike ndani ya jalada la kila nakala: Wilhelmstal ni Lushoto, Neu Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga, Abercorn ni Mbala ya Zambia, Muansa ni Mwanza, Mpapua ni Mpwapwa. Acheni mistari kumi mitupu chini yake, mtakutana na mengine.

---

Mrangi wa Kolo

Karani ameniwahi. Kwenye hiyo karatasi ongezeni Kondoa-Irangi, yenye kistari katikati. Kwenye faharasa nyingi ipo chini ya K, lakini zipo zinazoiweka kwenye I, kwa hiyo mkiikosa upande mmoja msikate tamaa, tafuteni na huko.